Mkono wa Nahodha

Miaka yote jukwaa la klabu ile ya raga lilikuwa la Bi Sikudhani, kifuniko chake cha sufuria na njiwa. Akikigonga, nahodha Mabruki humpungia mkono, hata wakiwa wamechapwa vibaya. Klabu ilipotaka kufungwa kwa kukosa watazamaji, Bi Sikudhani alizunguka sokoni: "Njooni mtuone tukipigwa, kicheko bure!"

Wakaja. Leo watu wamejaa hadi ngazini.

Mabruki alipoingia uwanjani, Bi Sikudhani aligonga kifuniko kwa nguvu zote, sauti ikamezwa na ngoma za mashabiki wapya.

"Mama, kaa chini, unatuziba!" jamaa mmoja nyuma yake alifoka.

"Nikae wapi, baba? Si umekalia kiti changu!"

Mabruki alilipungia jukwaa zima mikono miwili. Bi Sikudhani akainua mkono wake, asijue aupunge au aushushe.