Mpaka Injini Ipoe

Simu ililia Madatali akila peke yake, ghorofa ya tisa, mtaani Malvern, ughaibuni. Alikuwa bintiye, yuko kaskazini kwenye njia za theluji. Tangu Idi hajapiga.

"Baba, pikipiki ya theluji imechemka! Taa nyekundu inawaka."

Akajua papo hapo. Njia ikishindiliwa ikawa ngumu, theluji hairuki kupoza injini mpaka ushushe vile vyuma viwili vya kukwaruza barafu. Vyuma hivyo alimfungia yeye mwenyewe, na binti amesahau kuvishusha. Akimwambia tu, atakata simu aondoke.

Madatali akaweka tonge chini.

"Izime kwanza. Ikipoa nitakuelekeza."

"Itachukua muda gani?"

"Mrefu, mama," alisema, akivuta kiti karibu na dirisha. "Umekula?"