Kona Husikilizwa

Wewe uliyekaa kando ya dereva, unajifanya unasoma simu ili usione. Umemwona akizima injini juu ya mlima, lori liteleze kimya abane mafuta. Umenyamaza, kama ulivyonyamaza mwaka ule lori hili hili, likiteleza hivi hivi, lilipomgonga fundi cherehani mmoja.

Huko chini mkunga anaikokota baiskeli kupanda mlima. Kwenye keria amempakia binti wa kaka yake, aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Amefika kwenye kona, amesimama. Wenye baiskeli wa bonde hili hawaitazami kona, huisikiliza. Mkono mmoja umebana breki, kiganja cha pili kimeifunika kengele isilie.

"Mbona tumesimama, shangazi?"

"Nasikilizia malori. Na wewe punguza kuguna, unanizibia masikio."

Binti anacheka, kisha anauma kanga.

Mto tu ndio unaosikika.

"Barabara nyeupe, mwanangu. Shikilia tandiko."

Mkunga anaachia breki. Gurudumu la mbele linaingia kwenye kona.

Weka hiyo simu chini. Nyoosha mkono, piga honi, sasa hivi.