Daktari Asiye na Shingo

"Daktari hana shingo," alitangaza mchora vibonzo, kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu. "Kichwa kinakaa juu ya koti, basi. Anayetaka shingo akate rufaa."

Binti mwenye mguu wa plasta akakata rufaa papo hapo. "Sasa atamezaje chakula?"

"Hamezi. Ana kazi nyingi."

Watoto wakaangua kicheko mkekani. Wodini mchoraji huyo walimwita Mwalimu Kifutio, kwa kuwa alichora kwa dakika moja na kufuta kwa dakika tano. Kazi yake hasa ilikuwa gazetini, kuwachora wakubwa na matumbo makubwa kuliko waliyojaliwa. Hapa hospitali alifundisha kila Jumanne.

Leo ilikuwa Alhamisi.

Siri ya masomo yasiyo ya Jumanne waliijua watu wawili tu, yeye na Sista, muuguzi mkuu. Mtoto akifariki, Sista humpigia simu gazetini. "Mwalimu, njoo." Jina halitajwi. Naye huacha kila kitu, hupanda ngazi za nyuma mbio, huwakusanya watoto chumba cha michezo na kuwakalisha migongo ikielekea mlango wa kioo. Wakiwa wanachora, machela iliyofunikwa shuka hupita kwenye korido nyuma yao. Kazi ya Mwalimu Kifutio ni kuwachekesha mpaka ipite, asigeuke hata mmoja.

Alikuwa ameifanya mara nne. Hakuna aliyewahi kugeuka.

Alikuwa na sharti jingine, la kwake peke yake: hawahesabu watoto kabla machela haijapita. Akishajua nani hayupo, sauti itamkwama, na mtu aliyekwama sauti hachekeshi.

"Sasa tumbo. Tumbo la daktari ni chungu. Chora chungu. Kubwa zaidi! Wa kwako ana njaa, mama, mwonee huruma."

"Daktari wetu mbona mwembamba?" aliuliza mvulana aliyefungwa bandeji kichwani, ambaye kwa ajili ya kilemba hicho wenzake walimwita Sultani.

"Huyo ni wa kweli. Wa kweli hawachoreki, wanatembeatembea."

Akatupa jicho mlangoni. Korido ilikuwa tupu.

"Mwalimu, Katibu yuko wapi?" akauliza wa plasta. "Nani atatugawia rangi?"

Katibu alikuwa binti wa Mwalimu mwenyewe, wa miaka sita. Alikuwa amelazwa wodi hii miezi miwili, na muda wote huo aligawa kalamu za rangi kwa ukali wa ofisa wa forodha.

"Katibu amepanda cheo. Tangu jana yuko ghorofa ya juu, kwa wanaosubiri ruhusa. Jumamosi anarudi nyumbani. Ameniagiza viatu vyekundu, na amesema nikileta vile vinavyobana nitavivaa mwenyewe."

Wakashangilia. Yeye akainama kuchonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa. Tangu simu ilipolia alikuwa na furaha moja ya aibu kifuani: safari hii si wangu. Mahali fulani ndani ya jengo hili mzazi mwingine alikuwa analia, na yeye anashukuru. Alijiona kama mtu aliyeiba.

"Mdomo!" akasema kwa nguvu. "Daktari anatabasamu."

"Akitabasamu ujue sindano ipo mgongoni," alisema Sultani.

"Basi mchore amenuna."

"Akinuna ni mbili."

Bunge zima likaunga mkono hoja. Mwalimu akafuta mdomo, akauchora, akaufuta tena. Korido bado tupu. Machela haijawahi kuchelewa namna hii.

Akaongeza vifungo. Daktari alipata vifungo kumi na tisa. Akapata mifuko sita, na viatu, na kamba za viatu, na fundo kwenye kila kamba. Aliyekaa pembeni akaanza kupiga miayo. Sultani akaweka penseli chini.

"Mimi nimechoka. Naangalia nje." Na kilemba kikaanza kugeuka.

"Ukigeuka, daktari wako anaota mkia!"

Sultani akasita. Akatazama karatasi yake, akaona hatari ilivyo kubwa, akamchorea daktari mkia mwenyewe ili yaishe. Chumba kizima kikacheka mpaka wa plasta akaanza kukohoa. Mwalimu naye alicheka, huku jasho likimtiririka ndani ya shati.

Mlango wa kioo ukafunguka. Ni Sista, peke yake, akihema kama mtu aliyezunguka jengo zima akimtafuta mtu. Nyuma yake hakukuwa na machela.

"Bado?" Mwalimu alimnong'oneza juu ya vichwa vya watoto. "Usijali, niachie. Naweza kuongeza hata kofia."

Sista alisimama akimtazama, kisha akawatazama watoto, na mkono wake ukaenda mdomoni.

Hapo ndipo Mwalimu alipovunja sharti lake. Jana, alipompandisha Katibu ghorofa ya juu, aliacha watoto wanane wodini. Akahesabu vichwa mkekani. Wanane. Akarudia kuanzia upande wa pili, kwa kidole. Wanane.

Sista akapita katikati ya watoto, akachuchumaa mbele yake, akaitoa penseli mkononi mwake polepole.

"Baba Katibu," alisema, "leo sikukuita ufundishe."