Mke Mwenza wa Miaka Sita

Likizo hii Bi Sikudhani alipewa siku sita tu za kukaa na mjukuu wake Mwajabu. Bibi wa upande wa mama, Tausi wa Morogoro, alipewa ishirini na nne.

Siku hugawiwa na sikio, kidude cha kunasa maneno kinachotundikwa ukutani popote mtoto anapokwenda likizo. Mwenye kauli laini huongezewa siku, mwenye kauli kali hupunguziwa.

Wivu ulimkaba Bi Sikudhani. Tausi huongea kama msoma taarifa ya habari, hata utani hajui! Basi naye akajikaza. Siku mbili nzima ikawa, "Mwanangu mpendwa, karibu chai."

Siku ya tatu alikuwa anamsuka Mwajabu jikoni, wali ukiwa motoni. Mtoto akageuka.

"Bibi, mbona siku hizi hunitukani? Umenichukia?"

"Sijakuchukia."

"Basi babu ni mume wangu. Wewe mzee, huna meno."

Bi Sikudhani akashindwa kujizuia. "Toka jikoni kwangu, mwizi wa waume! Mke mwenza gani hata kamasi hajui kufuta? Leo ukoko hupati!"

Mwajabu alicheka mpaka akagaagaa sakafuni. Ukutani, taa ya sikio ikawaka nyekundu.

Gari la kumchukua mtoto lilikuja jioni ile ile. Siku tatu zilizobaki zikaenda Morogoro, za Tausi zikawa ishirini na saba. Mwajabu aliondoka na mistari mitano kichwani. Sita iliyobaki ataisuka Tausi.