Hodi za Kulipia

Siku hizi mlango usiolipiwa tangazo hauonekani kwenye miwani ya watu, na kila anayebisha hodi au kukanyaga kizingiti, mwenye nyumba hukatwa hela, awe mteja au mtu aliyepotea njia. Zamaradi, fundi cherehani, alikuwa hoi. Tangu asubuhi hodi kumi na moja, kazi suruali moja ya kupunguza.

Adhuhuri alitoka kumwaga maji, akamkuta mama yake ameketi juani, kaegemea ukuta, kikapu mapajani.

"Mama! Tangu saa ngapi? Mbona hukubisha hodi?"

"Tangu saa tatu. Sina nguo ya kushonesha, mwanangu. Nimekuja kukuona tu."

Zamaradi alifungua mdomo amkaribishe ndani. Akautazama mlango, akaketi naye palepale juani.