Kitundu cha Jicho

Kesho yake kinyago cha kale cha mchezo wa kuigiza wa jadi kilikuwa kifungiwe ghalani kisitoke tena, ndiyo maana taasisi ya kuhifadhi urithi wa Japani ilimruhusu Mzee Kanetsugu aje kukiaga. Alikuwa akikivaa jukwaani tangu ujanani.

Shizue, mtafiti aliyekitunza, alikiweka mezani. Mzee akakiinamia kwanza kwa heshima, kama waigizaji wa mchezo ule wanavyofanya siku zote kabla ya kukivaa.

"Samahani, mzee wangu, hakivaliwi tena," Shizue akawahi kusema. "Jasho linakula rangi."

"Najua, mwanangu. Sikuja kukivaa."

Akakishika kwa ncha za vidole, akakielekeza chini kidogo. Uso wa mbao ukahuzunika. Akakielekeza juu, ukatabasamu.

Shizue alikuwa amekipima kila upande na kukipiga picha hadi ndani ya mbao. Hata hivyo kuna swali lililokuwa likimkereketa.

"Ukikivaa, unaona nini?"

"Nitakuelezaje? Jionee mwenyewe," mzee akasema, akimsogezea.

Shizue akautazama mlango. Kisha akavua miwani, akakiinamia kinyago kama alivyoona, akakipeleka usoni. Ndani mlikuwa na harufu ya pumzi za watu waliokwisha kufa. Meza, taa na mashine vyote vilitoweka. Kilibaki kitundu kimoja tu, na katika kitundu hicho alimwona Mzee Kanetsugu. Alikuwa ameshapiga magoti sakafuni, mgongo wima, mikono mapajani, kama mtazamaji anayesubiri mchezo uanze.