Ndoo

Hapa kwetu Kibokoni watoto siku hizi hawafunzwi kusema na wazazi wao. Wanafunzwa na Hazina, ile mashine iliyomeza kila kitabu, kila gazeti na kila ujumbe wa simu, kisha ikaamua kila neno libaki na maana moja tu, ile iliyoandikwa zaidi. Nyingine zimefutwa. Kidude kilichomo sikioni mwa mtoto humnong'oneza ile iliyobaki.

"Mama, sema 'njoo'," binti yangu Salwa hunisihi. "Ukimwita mwanangu Mwanasha 'ndoo', anakwenda kukuletea ndoo ya maji."

"Mamangu akiniita 'ndoo', na wewe nilikuita vivyo hivyo, ukaja mbio. Leo nikosolewe na mashine isiyo na mama?"

"Maneno yetu hayakuandikwa, Mama. Tuliyasema tu."

Basi nikajilazimisha. Njoo ule, njoo uoge. Ulimi ulikuwa mzito, lakini nikazoea.

Leo adhuhuri nilikuwa uani naanika nguo, Salwa yuko kazini, mtungi wa gesi ukashika moto jikoni. Mwanasha alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, moto uko nyuma yake. Hatua chache tu angenifikia. Nikamnyooshea mikono, na hofu ikanirudishia ulimi wa mamangu.

"Ndoo, mwanangu! Ndoo!"

"Labeka, Bibi," akaitika.

Mtoto msikivu yule. Akageuka, akaingia ndani ya moshi kuniletea ndoo.